Mama Maziwa na Mfupa wa Ng'ombe

Kabla hajakumiminia maziwa alikuuliza umekula nini. Salamu zilikuja baadaye, na habari za watoto baadaye zaidi. Ulisimama mbele ya kibanda chake na chupa yako mkononi, naye ameshika kifuniko cha bidoni, lile dumu lake la maziwa, hajaamua bado kama atafungua au atakaza, akakutazama mdomoni. Ukisema muhogo, alifungua. Ukisema uji, alifungua. Ukisema nyama, alikaza kifuniko na kukuambia urudi kesho.

"Nyama na maziwa haikutanake mu tumbo moya siku moya," alisema. "Ile ni kumutukana ng'ombe."

Kulikuwa na watu waliodanganya, bila shaka. Mtu ametoka kula mishikaki sokoni, mafuta bado yanang'aa mdomoni, anasema amekula viazi. Mama Maziwa alimtazama kitambo, kisha akamwuzia. Nilipomwuliza kwa nini, alisema kazi yake ni kuuliza, na mwenye kujibu naye ana kazi yake.

Tulikaa jirani miaka mingi kule Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ukuta wa udongo wa jiko lake ukitazamana na wa kwangu. Mimi ni Mrundi, mtu wa maharage. Nalima maharage, nauza maharage, nayala mchana na jioni, na nikialikwa harusini nayatafuta kwanza kabla ya pilau. Yeye alitoka milima ya juu ya Kivu ya Kusini, kwa watu wanaofuga, na maharage aliyaona kama kitu cha kujaza gunia lisianguke. Aliniita Mama Maharage, nami nikamwita Mama Maziwa kama walivyomwita wengine wote. Alizaliwa wapi hasa, na babu yake alikuwa nani, hayo sitayasimulia. Aliwahi kunieleza ukoo wake mara moja, ikachukua muda wote wa kupepeta gunia zima, na mwisho wa yote niliyakumbuka majina ya ng'ombe tu.

Alikuwa mtu wa amri ndogondogo. Maziwa hayanywewi kwa kusimama. Maziwa hayapulizwi, hata yakiwa ya moto, unangoja. Maziwa yakimwagika hayakanyagwi. Aliinama, akayafuta kwa kiganja na kujipaka mikononi mpaka kwenye viwiko, hata kama mbele yake kuna foleni ya watu wenye haraka zao. Chombo chake cha mti, kile kirefu cha kuchongwa alichoweka maziwa ya kunywa mwenyewe, alikifukiza moshi wa majani kila jioni, na moshi ule uliingia kwangu na kukaa kwenye nguo zangu. Nilipolalamika alinijibu kwamba sasa angalau nanukia kama mtu mwenye mali.

Mali yenyewe hakuwa nayo. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Maziwa aliyapokea asubuhi kutoka kwa wafugaji Wanyankole wenye mashamba pembeni mwa kambi, yakiletwa kwa boda, na kila siku alimsimamisha yule mwenye boda na kumhoji: ng'ombe wa baka jeupe amezaa? Yule mwenye pembe iliyoinama bado anakataa kukamuliwa na mtu mwingine? Mwenye boda, kijana wa watu asiyejua pembe wala baka, alijibu lolote lililomjia. Mama Maziwa alifurahi hata hivyo. Aliwajua wale ng'ombe wa watu kama wengine wanavyojua habari za jamaa walioko Ulaya.

Kanisani alikuwa shemasi, tena mkali. Alikuwa Mprotestanti wa kuomba kwa sauti na macho yamefungwa, hata sisi Wakatoliki wa upande wa pili wa barabara tulijua siku hiyo anamwombea nani. Mchungaji wake aliwahi kumwambia mbele ya akina mama kwamba makatazo ya vyakula yamekwisha, kwamba Mungu hatazami kilicho tumboni. Alimjibu kwa heshima, mikono imekunjwa.

"Muchungaji, Mungu alisamehe zambi. Adabu hakuiondoa."

Na mtu huyo huyo alipenda nyama kupita kiasi. Hili watu wengi hawakulijua. Siku ya Pasaka alikuwa anakula nyama tangu asubuhi, anatafuna mifupa kwa magego mpaka inalia, anafyonza uboho, anacheka na midomo yote ya mafuta. Na siku hiyo hakugusa bidoni, hakuingia kibandani, hata kivuli chake hakikupita pale. Aliniachia mimi nimimine. Nilikaa pale kwenye kiti chake, mtu wa maharage, nikiwauliza watu wamekula nini, nao wakinicheka, yeye akichungulia toka jikoni kuona kama nauliza kweli.

Ng'ombe wao walichukuliwa kule milimani siku moja, wote, na mumewe alipowafuata hakurudi. Hakunisimulia zaidi ya hapo, akasema tu "siku ile", basi. Mume hakumtaja. Ng'ombe aliwataja wakati wowote, akichambua mchicha, akifua, katikati ya maneno mengine kabisa. Kwa muda mrefu nilimwona ana moyo mgumu, mtu anayelilia mifugo na kumwacha mume. Kisha nikaanza kusikiliza vizuri. Ng'ombe huyu alitolewa na mume walipooana. Yule alipewa na mume alipojifungua mtoto wa kwanza. Yule mwingine waligombana juu yake siku mbili nzima, mume akataka kumwuza, yeye akakataa. Nikaacha kumwona ana moyo mgumu.

Sasa nije kwenye jino. Lilikuwa gego la mwisho kabisa, chini, upande wa kushoto, lile watu wanaloliita jino la akili. La kwake halikuwahi kuota. Lilikuwa limelala ubavu ndani ya taya tangu ujana wake, na lilipoanza kumsumbua yeye tayari alikuwa bibi wa wajukuu. Alilificha. Alijifunga kitenge shavuni akasema ni baridi. Alitafuna upande mmoja. Alipunguza maneno, na watu wakasema Mama Maziwa siku hizi ana maringo. Alisukutua maji ya chumvi, akabana karafuu, akanunua vidonge vya dukani vya rangi mbili ambavyo hakuna aliyejua ni vya nini. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akaniambia kifo kikija kwa njia ya jino kitakuwa kimekosa kazi.

Kilichomuumbua ni ibada. Jumapili moja aliongoza maombi marefu kama kawaida yake, na alipofika mwisho mdomo ukagoma. Aliweza kuomba, hakuweza kusema amina. Taya lilikuwa limekaza, shavu limefura, usaha ukimteremka kooni. Walimleta nyumbani wamemshika mikono. Zahanati ya kambini walimpa dawa ya kutuliza uvimbe, wakasema hili si la kwao, aende kwa daktari wa meno Mbarara. Watoto wake walikuwa mbali, mmoja Kampala, mwingine amehamishiwa nchi ya baridi. Nikaenda naye mimi.

Daktari alikuwa Mnyankole, mwembamba, mpole wa sauti, anayesema Kiswahili kile cha Uganda ambacho kila kitu "iko" na kila mtu "nafanya". Alipiga picha ya taya, akaiweka kwenye mwanga, akatuonyesha jino lililolala. Kulizunguka kulikuwa na doa jeusi, kubwa kuliko jino lenyewe.

"Hii ni kifuko ya maji," alisema. "Imekaa miaka mingi, nakula mfupa pole pole. Ona hapa chini. Imebaki kidogo sana."

Ilikuwa kweli. Ukingo wa taya ulikuwa umebaki mwembamba kama mdomo wa sufuria kuukuu. Alieleza kwamba atang'oa jino na kile kifuko, kisha shimo litakuwa kubwa, na taya likiachwa vile linaweza kuvunjika siku yoyote, hata kwa kutafuna hindi la kuchoma. Kwa hiyo atalijaza mfupa, afunike, ashone, na mwili utajenga taya upya.

"Mufupa ya nani?" Mama Maziwa aliuliza.

"Kuna njia ya kutoa kwako mwenyewe, hapa kwa nyonga. Lakini hiyo lazima tulaze wewe usingizi, na presha yako iko juu sana, mimi siwezi. Ile ingine imetengenezwa tayari, iko kwa chupa. Ya ng'ombe."

Mimi nilidhani atafurahi. Niliona hata raha, nikajiambia, kati ya watu wote duniani ni yeye aliyestahili dawa hiyo. Mama Maziwa alisimama, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akamshukuru daktari, akatoka.

Nilimkuta nje, kwenye benchi, kati ya watu waliokuwa wakingoja na mashavu yao. Kisha akasema polepole, kwa sababu mdomo haukufunguka vizuri:

"Nitakuwa na ng'ombe mu kinywa asubui, mangaribi, siku zote. Sasa maziwa nitakunywa siku gani?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikaona kwamba anangoja nimjibu. Hapo nikaelewa. Mtu aliyekula nyama anangoja kesho. Mtu aliyeshonewa mfupa tayani hana kesho ya kungoja. Na maziwa kwake hayakuwa kinywaji. Siku nyingi ndiyo yalikuwa chakula chake chote, kikombe cha asubuhi na kikombe cha jioni, na katikati kitu kidogo cha kuwaridhisha majirani wasiseme hali kitu. Ama avunjike taya, ama aage maziwa.

"Ile mufupa ibakie mu chupa yao," alisema. "Mi nitatafunia upande wa kuume."

Nilimrudisha kwa daktari nimemshika mkono, nikaeleza mimi. Nilitegemea mtu aliyesoma atacheka kama nilivyocheka. Hakucheka. Alivua miwani, akaifuta na ncha ya koti.

"Hata kwetu," alisema. "Mukaaka wangu, mama ya baba, ukikula nyama hapana gusa maziwa yake mpaka kesho. Alikuwa anaweza kukupiga." Akachukua kichupa kidogo kwenye kabati akamwonyesha. Ndani mlikuwa na chembe nyeupe, mfano wa chumvi ya mawe iliyopondwa. "Hii imeoshwa, imechomwa kwa moto mkali. Nyama hakuna, mafuta hakuna, damu hakuna. Ni kama fito za nyumba, nyabo, mama yangu. Wewe nasimamisha fito, halafu mfupa yako mwenyewe naingia katikati kama udongo."

"Na fito, kisha inaenda wapi?"

"Nachukua muda. Miezi mingi. Tutapiga picha ingine, tutaona."

Mama Maziwa alifikiri sana, kichupa kikiwa kiganjani mwake. Akamwuliza daktari kama anajua ng'ombe mwenyewe alikuwa wa rangi gani, na daktari akasema hajui, walitoka nchi za mbali. Jambo hilo lilimsikitisha. Mwishowe alikubali, lakini kwa sharti lake mwenyewe, ambalo hakuna aliyemwomba: hatakunywa maziwa mpaka picha ioneshe kwamba taya limekuwa lake. Daktari alimwambia hakuna haja. Yeye akamwambia haja anaijua mwenyewe.

Walimchoma sindano ya ganzi, akabaki macho. Mimi nilikuwa nje, lakini alinisimulia baadaye. Alisema walilima taya lake kama watu wanaong'oa kisiki, wakisukuma, wakipumzika, wakirudi. Jino lilitoka vipande vipande. Daktari alipoanza kujaza zile chembe, chache zilianguka kwenye kitambaa kilichokuwa kifuani mwake, na yeye, mdomo wazi, ulimi umekufa ganzi, akazionyesha kwa kidole. Daktari hakuweza kuzirudisha, maana zilikwisha kugusa nje. Lakini hakuzitupa kwenye pipa. Alizifunga kwenye karatasi akampa, naye akazifukia nyuma ya nyumba, mahali ambapo watu hawapiti.

Tulipewa maagizo. Asiteme mate kwa nguvu. Asinyonye kitu kwa mrija. Asukutue maji ya chumvi kwa upole kuanzia kesho yake. Ale vitu laini visivyo vya moto: uji, mchuzi, na zaidi ya yote, alisema muuguzi kwa moyo mwema, anywe maziwa kwa wingi. Mama Maziwa alimtazama muuguzi yule kwa huruma.

Basi akalishwa na mimi. Nilichemsha maharage mpaka yakapasuka, nikayachuja kwa kitambaa, nikampa mchuzi wake ukiwa vuguvugu. Alikaa kitandani, shavu limefura, akachungulia kikombe.

"Mungu aniurumie," alisema. "Niko nakunywa maji ya Mama Maharage."

Alikunywa. Siku za kwanza alikunywa kama mtu anayetumikia kifungo. Baadaye akaanza kuniuliza leo ni maharage gani, ya njano au yale mekundu, na kwamba yale ya njano yana utelezi mzuri. Nikajua nimemshinda, nikanyamaza, maana mtu wa namna ile ukimwonyesha umemshinda anarudi nyuma.

Uvimbe ulishuka, nyuzi zikatolewa, akarudi kibandani. Ndipo taabu ikaanza. Zamani, kila asubuhi, kikombe cha kwanza alikinywa yeye mwenyewe mbele ya watu, ameketi, taratibu, halafu ndiyo akaanza kuuza. Wateja walikizoea kile kikombe kuliko walivyojua. Sasa akawa anafungua bidoni na kuwauzia tu, yeye mwenyewe haonji. Mtaani wakaanza kunong'ona. Mwenyewe hanywi, ameweka nini humo? Mama mmoja mwenye mtoto mchanga akaenda kununua kwingine, na mwingine akamfuata.

Angeweza kumaliza maneno kwa funda moja. Angeweza hata kuweka kikombe mdomoni na kujifanya anameza. Badala yake alimwambia kila aliyeuliza, kwa sauti, bila aibu, kwamba ana mfupa wa ng'ombe kinywani na kwamba anangoja. Warundi wenzangu waliifanya hadithi ya kuchekea kwenye pombe. Lakini akina mama wa kwao, wa milimani, walikuja mmoja mmoja, wakaketi, wakauliza kwa utaratibu kama watu waliokuja kwenye msiba. Wakagawanyika. Wengine walisema kilichochomwa ni majivu, na majivu si nyama. Wengine walisema mfupa ni mfupa. Waligombana kanisani, wakagombana kisimani, na binamu wawili hawakusalimiana kwa muda. Yeye alisikiliza pande zote mbili na kuendelea kungoja.

Alikonda. Hilo ndilo lililonitia hasira. Mchuzi wa maharage ni chakula, nitaapa mbele ya yeyote, lakini mwili wake ulijengwa na kitu kingine, na kila wiki kitenge kilizunguka kiuno mara nyingi zaidi. Siku moja nilimfokea, kikombe cha mchuzi mkononi.

"Mungu alikutoa kule ukiwa muzima, uje kufa huku juu ya adabu ya ng'ombe? Na ng'ombe wenyewe hauna?"

Nilijua nimesema neno baya. Hakukasirika. Alikipokea kikombe, akakiweka chini.

"Balichukua ng'ombe," alisema. "Balichukua fasi yetu ya kukaa. Balichukua mwenye nyumba. Ile adabu tu njo ilibakia, juu ya kuwa hawakuiona. Nikiiacha mi mwenyewe, nabakia nani?"

Nilikwenda kwangu nikalia, nikijiambia ni moshi wa majani yake.

Baada ya hapo nilihamia kambi ya Oruchinga, kwa binti yangu aliyekuwa amejifungua mapacha. Tuliongea kwa simu. Aliniuliza habari za mapacha, wamenyonya, wamelala, na mimi nilimwuliza habari ya taya, naye akasema liko, halisemi. Kuhusu maziwa sikuuliza. Sauti yake tu ilinitosha kujua kwamba bado. Kisha siku moja akapiga na kusema bila salamu: "Kesho kutwa naenda ku picha. Kuya." Yaani nije.

Nilimkuta Mbarara, nje ya chumba cha daktari, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mashavu yalikuwa sawasawa, kushoto na kulia, kwa hilo nilimshukuru Mungu. Lakini alikuwa amepungua hata nilipomkumbatia nilihisi mbavu. Alishika mkono wangu hakuuachia, na mtu yule hakuwa mtu wa kushikana mikono.

Daktari alimpiga picha, akaiweka karibu na ile ya zamani. Kwenye ile ya zamani lilikuwepo doa jeusi. Kwenye mpya, mahali pale pale, palikuwa peupe, taya limejaa mpaka juu, nene, zuri. Nilipiga makofi. Daktari mwenyewe alitabasamu kama mtu aliyejenga nyumba yake.

"Imeshika vizuri sana. Sasa nyabo unaweza kutafuna kila kitu. Mahindi, mifupa, chochote."

"Ile ya ng'ombe imeisha?" aliuliza Mama Maziwa.

Daktari angeweza kusema ndiyo. Nilimtazama nikimwomba kwa macho aseme ndiyo. Alisogeza kidole juu ya picha, kwenye vitone vidogo vilivyokuwa vyeupe kuliko vingine.

"Sitadanganya wewe. Ingine imeenda, ingine iko. Hizi hapa. Hizi zinaweza kukaa miaka mingi, labda siku zote. Mfupa yako imezunguka hizo, imeshikana. Hata mimi nikitaka kutenganisha siwezi."

Nilimwona Mama Maziwa akishusha kichwa. Miezi yote ile, mchuzi wote ule, wateja waliokimbia, na ng'ombe hakuwa amekwenda popote. Nilitaka kumtoa pale, nimpeleke mahali akae, nimwambie lolote. Lakini yeye alikuwa anafikiri. Nilimjua anapofikiri: alisogeza ulimi upande wa kushoto, akapagusa mahali pale kwa ndani.

"Dokta. Mule ndani, damu inapita?"

"Inapita."

"Mpaka mu ile ya ng'ombe?"

"Katikati ya chembe zote. Mishipa imeingia. Nikitoboa hapo leo, itatoka damu."

"Damu yangu."

"Yako, nyabo."

Aliinua kichwa. "Nyama ni ile ya kuchinjwa," alisema, akiyapanga maneno. "Ile yenye damu yake imeisha. Hii damu inapita. Basi haiko nyama. Iko nzima."

Daktari alimtazama. Nadhani alikuwa anamkumbuka mukaaka wake.

"Eeh," alisema. "Iko nzima."

"Na maziwa na ng'ombe muzima haijagombana hata siku moya."

Alisimama, akamuaga daktari kwa mikono miwili, akatoka akitembea haraka hata nikamkimbilia. Mbarara ni mji wa maziwa; huwezi kupita mtaa bila kukuta duka lenye matangi ya chuma na watu wameketi na vikombe. Aliingia la kwanza tulilolikuta. Akachagua kiti cha pembeni, akaketi sawasawa, akavuta kitenge magotini, akangoja aletewe kama mgeni kwenye nyumba ya watu wakubwa.

Kikombe kilikuja kimejaa, kikitoa mvuke. Hakukipuliza. Tulikaa tukakitazama kikipoa, yeye na mimi. Kisha akakishika kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akanywa. Alikunywa bila kupumzika mpaka nikaona kitako cha kikombe, na machozi yalikuwa yanamteremka mashavuni na kuingia mdomoni pamoja na maziwa, naye hakuyafuta. Aliweka kikombe mezani taratibu. Alilamba mdomo, akakunja uso.

"Batu ba huku," alisema, "baliweka maji."

Akakisukuma kikombe kwa yule msichana wa duka, aongezwe.